Shajara ya mradi: midrashi kwa Kiswahili, kutoka Kaini hadi Sera binti Asheri

27 Oktoba 2024

Nimeanza. Jana katika masinagogi wamesoma Mwanzo tangu sura ya kwanza. Siku mbili tatu kabla walikuwa wamemaliza Kumbukumbu la Torati, na mzunguko umerudi ulikotoka. Mpango wangu ni kuwafuata. Kila wiki fungu wanalolisoma wao, mimi nitafute midrashi yake, niitie Kiswahili, mpaka mwanzoni mwa Februari watakapofika baharini na Musa. Mwishoni niandike moja ya kwangu. Kijitabu cha kurasa arobaini hivi, cha kusomwa kwa sauti barazani.

Mimi si Myahudi. Ni mfasiri wa nyaraka hapa Tanga: mikataba, vyeti vya ndoa, hukumu za mahakama. Upande wa baba ni Wakristo, upande wa mama Waislamu. Kiebrania nimejifunza ukubwani, huu mwaka wa nne, kwa mwalimu aliye Haifa, Israeli, ambaye tunaonana kwenye skrini kila Jumapili jioni. Nilipomweleza mradi alinyamaza kidogo, kisha akasema tuanze na Kaini na Habili, tuone.

Kwa asiyelijua neno lenyewe: midrashi imetoka kwenye mzizi d-r-sh, kutafuta, kuulizia. Kwa Kiarabu jamaa yake ni d-r-s, mzizi uliotuletea darasa na madrasa. Marabi wa Galilaya na Babeli waliishika aya wakaitikisa kama mwembe, na kilichodondoka ndicho midrashi. Mara kisa, mara sheria, mara mchezo wa herufi.

Sasa aya. Mwanzo 4:8. Biblia yetu ya nyumbani, ile ya Union iliyokwisha jalada, inasema Kaini alimwambia nduguye waende uwandani, wakaenda, akamwua. Nimeisoma tangu utotoni bila kujikwaa. Kumbe Kiebrania hakina mwaliko huo. Kinasema "Kaini akamwambia Habili nduguye", halafu kimya. Kinachofuata ni "ikawa walipokuwa uwandani". Alimwambia nini? Hakikuandikwa. Wafasiri wa kale wa Kigiriki walijaza, wa Kisiria wakajaza, na sisi tukapokea kilichokwisha jazwa. Siwalaumu. Nani atamkabidhi mteja hati yenye sentensi iliyokatika? Na mimi ningejaza.

Bereshit Raba, mkusanyo wa midrashi za kitabu cha Mwanzo uliotengenezwa Galilaya yapata karne ya 5, unaingia kwa tundu hilohilo. Walikuwa wakijadiliana nini? Walisema, haya, tugawane dunia. Mmoja akachukua mali isiyohamishika, mwenzake inayohamishika. Mwenye ardhi akasema: hapo uliposimama ni pangu. Mwenye vitu akasema: hiyo uliyovaa ni yangu. "Vua!" "Ruka angani!" Katika vuta nikuvute hiyo, Kaini akamwinukia nduguye.

Rabi mwingine hakubali. Kila mmoja alikuwa na ardhi na vitu pia, ila waligombania Hekalu lijengwe kwa nani. Ushahidi wake? Neno "uwanda": nabii Mika anasema Sayuni italimwa kama uwanda. Wa tatu anasema waligombea mwanamke. Basi mali, dini, mwanamke. Nimetafsiri kesi za kutosha kujua kwamba orodha hiyo haina upungufu mkubwa.

Nimemsomea mjomba, ambaye ni maalim wa madrasa na ana miaka sabini na moja. Alicheka pale pa "ruka angani", akasema hiyo kesi ingefika baraza la ardhi la kata na isingeamuliwa hadi leo.

Kitu kingine cha leo, kabla sijalala. Aya ya 10, "damu ya ndugu yako inanililia". Kwa Kiebrania neno la damu hapo liko katika wingi, *demei*, na kitenzi nacho kiko katika wingi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, Sanhedrini 4:5, inaitumia kuwaonya mashahidi wa kesi ya kifo: damu yake, na damu ya vizazi vyake vyote ambavyo havitazaliwa. Nikasema basi, Kiswahili kimeshindwa, maana damu haina wingi. Kisha nikiwa natwanga kitunguu saumu jikoni ikanijia: neno halibadiliki, lakini upatanisho unabadilika. *Damu za ndugu yako zinanililia.* Sikio linashtuka. Ndivyo inavyotakiwa lishtuke, kwani hata la Kiebrania lilishtuka.

3 Novemba

Kuna jambo nililoamini miaka yote kwamba limo katika Biblia, nalo halimo.

Bibi mzaa mama alitusimulia jinsi Nabii Ibrahimu alivyovunja masanamu akaacha kubwa lao, na walipomuuliza akawaambia liulizeni hilo kubwa. Nani Tanga hii hajasikia? Kimo katika Qurani, Suratul Anbiyaa. Upande wa baba nao wanakijua, na kila mmoja ana hakika kimo katika Mwanzo. Jana fungu la Nuhu limeishia pale Tera, baba yake Ibrahimu, anapotajwa, nikaenda moja kwa moja kwenye aya. Hakuna sanamu hata moja. Kuna kwamba Harani, nduguye Ibrahimu, alikufa mbele ya Tera baba yake, huko Uru wa Wakaldayo. Basi.

Kisa kimo katika Bereshit Raba, sura ya 38. Tera ni muuza masanamu. Siku moja ana safari, anamwachia Abramu, ndiye Ibrahimu, duka. Anakuja mnunuzi. "Una miaka mingapi?" "Hamsini au sitini." "Ole wake mtu wa miaka sitini anayetaka kukisujudia kitu cha siku moja!" Mtu anaona haya, anaondoka. Anakuja mama na sahani ya unga mzuri, anasema wape hawa sadaka. Abramu anashika fimbo, anayavunja yote, fimbo anaiweka mkononi mwa lile kubwa. Tera anarudi. Nani kafanya hivi? Abramu anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba mama mmoja alileta unga, huyu akasema nile mimi kwanza, yule akasema mimi, ndipo mkubwa akainuka akawapiga. "Unanidhihaki? Hawa wanajua kitu?" "Masikio yako hayasikii linalosema kinywa chako?"

Kutoka hapo anapelekwa kwa mfalme Nimrodi, anatupwa motoni, anatoka mzima. Sasa, moto huo umetoka wapi? Uru. Neno *ur* laweza kusomwa kama moto. "Uru wa Wakaldayo" ukiusoma hivyo ni "moto wa Wakaldayo", na Mungu anaposema "nilikutoa Uru" kisa kizima kimepata msumari wa kutundikwa. Naye Harani masikini alisimama kando akipiga hesabu: Abramu akishinda, mimi wa Abramu, Nimrodi akishinda, mimi wa Nimrodi. Walipomuuliza baada ya kuona Abramu ametoka, akasema wa Abramu. Akatupwa. Akafa mbele ya baba yake, kama ilivyoandikwa.

Nilimsomea mjomba nikichelea kwamba atachukia kusikia kisa cha Qurani kikisimuliwa na marabi. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia, "Mwanangu, huyo Harani simjui. Mrudie huyo." Nikamrudia. Akasema wa namna hiyo wamejaa mjini, hasa mwaka wa uchaguzi.

Nimeamua kisa hiki kiwe cha kwanza katika kijitabu, kabla ya Kaini. Msomaji aanze na anachokijua.

10 Novemba

Leo ni mambo ya ufundi tu. Midrashi ina maneno yake ya mlangoni na lazima nichague moja kwa moja nisibadilibadili.

*Davar aher* inakuja kila baada ya mistari michache, yaani hii ni maana moja, sasa shika ya pili. Nilianza na "jambo lingine", ikasomeka kama ajenda ya mwisho ya mkutano. Nikajaribu "mengineyo", nikacheka peke yangu. Ilibaki tu tufunge kikao kwa sala. Nimetulia kwenye "Kauli nyingine". Haifuti iliyotangulia, inakaa pembeni yake.

Jina la Mungu wanalolitumia marabi nimelitia "Mtakatifu, ahimidiwe".

*Al tikrei*, "usisome hivi, soma hivi", inawezekana kwa sababu hati-kunjo ya Torati haina irabu. Nilidhani nitahitaji maelezo marefu. Mjomba alinikata: mashairi ya zamani ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu nayo yanamtaka msomaji aamue kama ni banda au panda. Sentensi moja imetosha.

"Paukwa, pakawa" nimeikataa, ingawa ingependeza. Ngano inajitegemea. Hii haijitegemei, na lazima ifungue kwa "imeandikwa".

17 Novemba

Wiki ya kafara la mwana. Mimi na mjomba tuna makubaliano ya siku nyingi kutobishana ni mwana yupi. Nimemsomea hii bila kutia neno langu. Mungu anasema, "Mchukue mwanao." Ibrahimu: "Ninao wawili." "Wa pekee wako." "Huyu wa pekee kwa mama yake, na yule wa pekee kwa mama yake." "Umpendaye." "Nawapenda wote wawili." "Isaka."

Kiebrania kinamtaja mwana kwa majina manne mfululizo, na marabi wakasema hakuna anayeongea hivyo peke yake. Bila shaka kulikuwa na mtu anajibu katikati.

Mjomba alikaa kimya, kisha, "Kumbe alikuwa anachelewesha."

24 Novemba

Nimeangushwa, na nilistahili.

Wiki hii wamesoma kifo cha Sara. Nikaona nisisubiri Februari, niandike yangu sasa. Nikaandika kurasa sita. Sara amekaa mlangoni mwa hema alfajiri, anakanda unga, anaona punda hayupo, anaona kuni hazipo, anaelewa. Nilijipa machozi mwenyewe. Nikaigeuza Kiingereza, nikamtumia mwalimu usiku uleule.

Leo ameanza somo kwa kusema ni hadithi nzuri sana. Kisha: "Umeitundika wapi?"

Sikumwelewa. Akanifungulia Mishna, Hagiga, pale marabi wenyewe wanapokiri kwamba baadhi ya sheria zao ni milima iliyoning'inia kwenye unywele. Akasema mlima unaruhusiwa kuwa mkubwa utakavyo. Unywele lazima uwepo. "Nionyeshe unywele wako." Sikuwa nao. Nilikuwa na punda na unga.

Tukasoma wenyewe walivyofanya. Sura ya 22 ya Mwanzo ni mlima Moria, pale pa kafara. Ya 23 inafungua na umri wa Sara, kufa kwake, na "Ibrahimu akaja amwombolezee". *Akaja.* Kutoka wapi? Rabi mmoja anajibu: kutoka Moria, na mama alikufa kwa uchungu huohuo. Katika Vayikra Raba, midrashi za kitabu cha Walawi, Isaka anarudi kwa mama yake na kumweleza baba alichotaka kufanya. "Isingekuwa malaika, ungekuwa umechinjwa?" "Naam." Akapiga kelele sita, mfano wa milio sita ya baragumu la shofari, na kabla hajazimaliza roho ikatoka. Kisa kizima hicho kimetoka kwenye kitenzi kimoja kidogo ambacho hata Biblia yetu ya Union inacho, wazi kabisa, na mimi nilikipita nikikimbilia kupika.

Kurasa sita nimezifuta. Sio zote, ile sentensi ya punda nimeihifadhi mahali, siwezi kuitupa.

15 Desemba

Kazi ya mkate. Mkataba wa kurasa themanini wa kampuni ambayo ilitaka kila kitu kesho na malipo yake hayajaingia mpaka leo. Midrashi hakuna.

5 Januari 2025

Nimempata wangu. Ni Sera.

Jana wamesoma Mwanzo 46, orodha ya walioshuka Misri na Yakobo. Orodha ni mahali ambapo msomaji wa kawaida anaruka. Wana wa Asheri ni Imna, Ishva, Ishvi na Beria, "na Sera umbu lao". Umbu! Neno hilo limebaki katika Biblia na kwa wazee wachache: ndugu wa jinsia nyingine, dada kwa mwanamume, kaka kwa mwanamke. Niliwauliza vijana wawili wa duka la kunakili karatasi, mmoja akasema ni aina ya ugonjwa.

Marabi hawakuruka. Katika watu sabini, mjukuu wa kike ametajwa kwa jina, bila sababu. Halafu, mamia ya miaka baadaye, katika sensa ya Hesabu 26, jangwani, wale wote wamekwisha kufa na koo zao ndizo zinazohesabiwa, ghafla: jina la binti Asheri ni Sera. Tena! Basi, wakasema, hakufa. Ni yeye yuleyule.

Na wakishampata mtu asiyekufa wanamtuma kila mahali. Usiku wa kutoka Misri watu wote wanakusanya fedha na dhahabu, Musa anahangaika na kiapo cha kuibeba mifupa ya Yusufu, na hajui alikozikwa. Nani amebaki wa kizazi kile? Sera. Talmudi, mjadala mkubwa wa marabi juu ya Mishna, Sota 13a, inasimulia: anamwonyesha kwamba Wamisri walimtia katika jeneza la chuma wakalizamisha Nili. Musa anasimama ukingoni: "Yusufu, Yusufu, wakati umefika. Ukijitokeza, vema. La sivyo, tumefunguliwa kiapo chako." Jeneza linaelea.

Zamani za Daudi, mwanamke mwenye hekima anayeuokoa mji wa Abeli usibomolewe na Yoabu, jemadari wa Daudi, ni yeye. Na kile nikipendacho kuliko vyote: Rabi Yohanani, wa karne ya 3, ameketi anafundisha maji ya bahari yalisimamaje pande mbili. Kama wavu, anasema. Kichwa kinachungulia darasani. Ni Sera. "Nilikuwepo. Yalikuwa kama madirisha yapitishayo nuru."

Huyu ameishi mpaka kumsahihisha mwalimu! Nimesoma pia kwamba karibu na Isfahan, Iran, kuna ziara yenye jina lake ambayo Wayahudi wa huko wamekuwa wakiizuru. Mwalimu alinikumbusha nisizunguke. "Unywele."

19 Januari

Wiki ya kuanza Kutoka. Nimekwama kwenye neno moja kwa siku tano na sijutii.

Yusufu akifa aliwaambia nduguze *pakod yifkod*, Mungu atawajia hakika. Mungu anamtuma Musa kwa wazee wa Israeli na neno lilelile, *pakod pakadti*. Midrashi inasema ilikuwa siri ya ukoo. Musa alipokuja na ishara, wazee walikwenda kwa Sera. Kafanya hivi na hivi, wakamwambia. Si kitu, akasema. Na amesema *pakod*. Akasema, basi ndiye.

Nikafungua tafsiri zilizo kabatini nione siri hiyo kwa Kiswahili ikoje. Mahali pamoja "bila shaka", mahali pengine "hakika". Maana ni sahihi kotekote. Ila Sera angesikia "hakika" wakati alikuwa anasubiri "bila shaka", angemfukuza Musa, na tungekuwa Misri hadi leo.

Hili la kurudia kitenzi nililichukulia kuwa ni la Kiebrania peke yake, kwa hiyo nikatafuta vielezi: kwa yakini, kwa hakika. Hadi Ijumaa, mama auzaye maandazi jirani yetu alipoulizwa kama mwanawe atarudi kutoka Unguja, akajibu, "Kurudi atarudi. Lini, ndiyo sijui." Niliacha kikombe mezani. *Kuja atakuja. Kufa tutakufa.* Tunacho! Tunakisema kila siku na sikukiona, kwa kuwa katika nyaraka hakiruhusiwi.

Kimebaki kitenzi. *Pakad* ni kujia, kukumbuka, kukagua, na pia ni kuhesabu. Waliohesabiwa katika sensa ya jangwani ni *pekudim*, mzizi uleule. "Kuwajia atawajia" ni laini na inafuata mapokeo. "Kuwahesabu atawahesabu" inakwaruza, lakini inafunga Yusufu na sensa kwa kamba moja. Mwalimu anapendelea ya kwanza. Tumebishana dakika arobaini, akaniambia nimeanza kuwa mbishi kama mwanafunzi wa yeshiva, chuo cha kusomea Talmudi. Nimelichukua kama cheti.

2 Februari

Unywele nimeuona usiku wa Alhamisi, umeme ukiwa umekatika, nikilinganisha orodha mbili kwa tochi ya simu.

Mwanzo 46 ina wana wanne wa Asheri. Hesabu 26 ina watatu. Ishva hayupo. Hakuna maelezo, hakufa kwa tauni wala kwa uasi. Imna ana ukoo wake, Ishvi ana wake, Beria ana wake, na mahali ambapo tungetazamia jina lililopotea limekaa jina la Sera.

Hii hapa, rasimu ya tatu:

*Imeandikwa: Wana wa Asheri, Imna na Ishva na Ishvi na Beria, na Sera umbu lao. Na imeandikwa: wa Imna, wa Ishvi, wa Beria; na jina la binti Asheri, Sera. Ishva yuko wapi?*

*Musa alipowahesabu wana wa Asheri katika nchi tambarare za Moabu, alisema: Watatu. Bikizee akasema kutoka nyuma: Wanne. Akamwambia: Bibi, mlete nimwone. Akasema: Ulipokuja Misri hukuniletea mtu nimwone, uliniletea neno. Kuwahesabu atawahesabu. Kwa neno hilo nilikuamini. Sasa hesabu.*

*Musa akasema: Aliyekufa bila mtoto hana ukoo. Akasema: Yusufu amekufa, nawe umembeba miaka arobaini. Akasema: Yusufu ana mifupa. Akasema: Na Ishva ana umbu.*

*Musa akanyamaza. Mtakatifu, ahimidiwe, akamwambia: Usimwandike Ishva, maana sheria ya hesabu ni sheria. Mwandike Sera peke yake kati ya wanaume. Atakayesoma atauliza, huyu anatafuta nini hapa? Akiuliza atarudi nyuma, na akirudi nyuma atamkuta.*

*Kauli nyingine. Sera alijuaje Yusufu alikozamishwa? Alikuwa akimtafuta Ishva.*

Nimemtumia mwalimu. Jibu lilikuja baada ya robo saa: "Imetundikwa." Kisha la pili: kwamba 53,400 walioandikwa wa kabila la Asheri ni wanaume wa miaka 20 na zaidi, kwa hiyo Sera hayumo hata katika hesabu aliyotajwa ndani yake. Sikuwa nimeliona hilo. Sitaliingiza, limenizidi.

9 Februari

Jana wamefika baharini. Musa amechukua mifupa ya Yusufu, nasi jana hiyo baada ya magharibi tumeisoma midrashi barazani kwa mjomba. Watu sita, taa moja, kashata za mama wa maandazi.

Kwa Kaini na Habili watu walicheka palepale pa kuruka. Harani alimkera katekista wa mtaa wetu, akasema si haki, alikiri ukweli mwishoni. Mjomba akamjibu kwamba alikiri baada ya kuona matokeo. Wakaendelea hivyo mpaka nikaingilia kati.

Ya kwangu niliisoma mwisho bila kusema ni yangu. Hakuna aliyecheka. "Kuwahesabu atawahesabu" haikumkwaruza mtu, ila katekista aliniuliza ni tafsiri ya mwaka gani. Mama wa maandazi alinitaka nirudie pale pa "Ishva ana umbu". Nikarudia. Akauliza, "Na mama yao?"

Nikasema mama wa Asheri ni Zilpa. Akasema hapana, si bibi yao. Mama yao. Aliyezaa wanne akapotelewa mmoja. Nikasema Torati haikumtaja.

"Haikumtaja," akarudia, akaanza kukusanya sahani.

Nimerudi nyumbani nikafungua Targumi ya Onkelosi, tafsiri ya kale ya Kiaramu, bila tamaa kubwa. Hesabu 26:46. Katika baadhi ya nakala haisemi "jina la binti Asheri". Inasema "jina la binti wa mke wa Asheri". Mfasiri, mwenzangu wa kazi, zaidi ya miaka elfu moja kabla yangu, amesimama kwenye aya hiyohiyo na kumchomeka mama. Kwa kauli hiyo Asheri ni baba wa kambo, Sera alikuja na mama yake, na kama ni hivyo basi "umbu lao" lazima nilisome upya, na Ishva naye huenda si wa tumbo nililodhani.

Kijitabu kilipaswa kwenda kwa mchapaji Jumatano. Nimemwandikia mwalimu saa tano usiku. Haifa ni saa nne. Naona amesoma, na vile vidoti vitatu vya mtu anayeandika vimekuwa vikitokea na kupotea kwa dakika kumi sasa.